Taa ya Upande wa Moba

Kila asubuhi, kabla hajagusa ndoo wala fagio, Zabibu aliziangalia kwanza taa mbili. Zilikaa juu ya kabati la chuma, katikati ya chumba chenye baridi ya mashine, kila moja ndogo kama punje ya mahindi. Ya kushoto ilikuwa ya njia ya reli, ile kebo inayofuata reli kutoka Kalemie kwenda Nyunzu na Kabalo. Ya kulia ilikuwa ya njia ya Moba, ile inayovuka mto Lukuga, ikafuata barabara ya kusini, ikazunguka huko juu Pepa. Zikiwa kijani zote mbili, Papa Kyungu alipiga mluzi tangu mlangoni.

Papa Kyungu alikuwa fundi wa kituo cha mtandao, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mguu wa kushoto uliovunjwa na nguzo zamani na haukurudi sawa. Siku ya kwanza Zabibu alipoajiriwa kusafisha, alimsimamisha mbele ya kabati lile kana kwamba anamtambulisha kwa mgeni.

"Maneno ya muji muzima yanapita humu, mwanangu. Simu, picha, barua za serikali, matusi ya wapendanao. Yote yanageuzwa mwanga, yanakimbia ndani ya uzi wa kioo, mwembamba kama unywele wako. Njia moja ikikatika, mashine hii inahamisha yote kwenye njia ya pili. Funga jicho."

Zabibu alifunga.

"Fungua. Basi. Imeshahama, na muda umebaki. Chukua sekunde moja, uikate vipande makumi mawili. Kipande kimoja njo kinaitosha. Mutu anayeongea na mchumba wake Kigoma hasikii kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Na weye ongea kwa nguvu! Unaongea kama mutu anaiba sukari."

Zabibu alicheka chini ya kitenge. Aliacha shule katika mwaka wa nne, minerval, ile ada ya shule, iliposhindikana, na tangu hapo alikuwa mtu wa kujibu kwa kichwa kuliko kwa mdomo. Mashine ile aliipenda. Ilimpendeza kwamba kuna kitu duniani kinachoweza kupokea pigo bila mtu yeyote kuumia.

Ndivyo alivyofikiri hadi Alhamisi ile alipofungua mlango na kukuta taa ya kulia imegeuka nyekundu.

Papa Kyungu alikuwa bado anavua koti. Alisema "Ah, Moba imekatika," kama mtu anayesema chai imepoa. Lakini Zabibu alibaki amesimama na ndoo mkononi, na maji yakamwagikia miguu. Alijua imekatika wapi. Alijua hata harufu yake.

Ziwa lilipopanda, lilikula nyumba yao ya zamani ukuta kwa ukuta. Mama yake alipewa kiwanja ng'ambo ya Lukuga, kando ya barabara ya Moba, na tangu hapo waliishi chini ya turubai. Kwa miezi mitatu walifyatua matofali, mama na binti, na kuyaanika. Mwezi wa tisa ukafika, mawingu yakaanza kukaa juu ya ziwa. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Ilibidi yachomwe upesi, tena kwa kujenga tanuri: kuyapanga matofali yenyewe rundo refu kama mtu, kuacha mashimo ya kuni chini, kuyakandika tope nje, na kuwasha moto wa siku mbili.

Ardhi ya kiwanja chao ilikuwa ngumu, jembe linaruka. Lakini kando ya barabara kulikuwa na ukanda mrefu wa udongo laini, uliokwisha kuchimbwa na kurudishiwa. Mama yake hakujua ulichimbwa kwa ajili gani. Zabibu alijua. Alipochimba mashimo ya kuni, jembe lilivuta utepe wa plastiki wa njano wenye maandishi, na hakuhitaji hata kuyasoma, maana utepe kama huo ulikuwa umeviringishwa kwenye kona ya kituo na yeye ndiye aliyeupangusa vumbi. Maana yake ni kwamba kebo iko chini hapo.

Alisimama kidogo. Akaangalia mawingu. Akajiambia kwamba moto unapanda juu, haushuki, na kwamba kebo iko ndani sana. Akachimba tena, karibu kufika kiunoni, ili upepo wa ziwa usizime moto. Ule utepe alimpa mama yake, akafungia turubai.

Jumanne jioni waliwasha. Jumatano yote moto uliwaka. Alhamisi, taa.

"Itakuwa nini?" aliuliza siku ile, sauti ikiwa chini kuliko kawaida.

"Panya. Jembe. Lori limezama. Nani anajua?" Papa Kyungu alifungua daftari la kituo na kuandika: *Njia ya Moba imekatika. Sababu: haijulikani.* "Mashine ya kupimia umbali hadi penye mkato wameichukua wenzetu wa Kongolo. Mulinzi wa kibanda cha kilomita kumi anasema kutoka kwake mpaka Moba kebo ni nzima. Kwa hiyo ni kati ya hapa na kwake. Itabidi kutembea kwa miguu, kuangalia chini."

Zabibu alitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nje, kwenye lango, Mama Evodie, muuza mandazi, alikuwa anaongea kwenye simu na binti yake Laure aliyeko Lubumbashi, na anacheka kwa kelele. Hakuna aliyelia mji mzima. Benki imefunguliwa, redio inaongea, Laure anamtania mama yake. Kama hakuna aliyeumia, alijiuliza, kosa liko wapi? Akafunga mdomo, akapangusa maji sakafuni.

Bwana Wilfried, mkubwa wa biro, ofisi ya kampuni ya mtandao mjini, alipita siku ya pili yake kwa pikipiki. Hakuvua hata kofia.

"Muji haulii," alisema. "Kyungu, tembea njia hiyo, andika umeona nini. Mafuta ya gari yakifika tutatengeneza."

Jumatatu, Zabibu alipokuwa anapangusa meza, alikuta daftari liko wazi. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno. *Jumamosi. Nimetembea njia yote hadi kibanda cha kilomita kumi. Sikuona kitu.*

Alisoma tena. Kwao ni kilomita ya sita. Tanuri lilikuwa limesimama pale pale, jeusi, refu kama mtu, na Jumamosi lilikuwa bado linatoa moshi. Hata mtu wa jicho moja asingepita bila kuliona. Basi Papa Kyungu ameliona. Ameliona, ameona na utepe wa njano kwenye turubai, amejua ni kwa nani, na amemfichia.

Tangu saa ile hakuweza kumtazama usoni. Alimletea chai kabla hajaomba. Papa Kyungu alipopiga mluzi wake wa zamani, mmoja tu, nusu, na kuukata, Zabibu alijua ni kwa ajili yake umekatwa. Kila Mama Evodie alipocheka na simu yake, Zabibu aliona mji wote umesimama kwa mguu mmoja, nao hauna habari, na mguu mwingine ameukata yeye kwa jembe la mama yake. Taa nyekundu ilimtazama kila alipoingia. Siku ya nane alitundika kitambaa cha kupangusia juu yake, kana kwamba amekisahau.

Papa Kyungu alikiondoa mwenyewe, taratibu, akamrudishia mkononi.

"Hii taa haina makosa, mwanangu," alisema bila kumwangalia. "Wa kufunikwa uso ni mutu mwingine."

Zabibu aliitikia kwa kichwa, na jasho likamtoka katika ile baridi ya mashine.

Jumatatu iliyofuata, siku ya kumi na moja, mvua ya kwanza ilinyesha kubwa kule ndani, ikabomoa tuta la reli mbele ya Nyunzu, na kebo ikaenda na udongo. Zabibu alikuwa anafagia. Aliona taa ya kushoto ikigeuka. Mashine ilitafuta njia ya pili, kwa ile haraka yake, na haikuipata. Ilikuwa imefanya kazi yake vizuri. Hakukuwa na mahali pa kuhamia.

Kwanza ilikuwa kimya. Halafu, kutoka langoni, sauti ya Mama Evodie: "Alo? Laure? Alo!" Halafu vicheko vya watu, halafu si vicheko. Kabla ya saa sita lango lilikuwa limejaa. Wenye vibanda vya kutuma pesa, wauguzi wawili wa hospitali waliokuwa wanangoja majibu ya damu kutoka Lubumbashi, mzee Ramazani aliyekuwa katikati ya kuzungumza na watu wa boti yake iliyo njiani kutoka Moba.

"Papa Kyungu, umekula mtandao wetu na mboga gani?" Mama Evodie alipiga kelele, na watu wakacheka kwa hasira.

"Ngoja, Mama. Tunatafuta."

"Munatafuta! Nilikuwa namuuliza mutoto kama homa imepungua. Amesema 'Mama, leo nime—' akapotea. Nime nini? Nimepona? Nimezidiwa? Niambie wewe mwenye mashine!"

Papa Kyungu alirudi ndani. Zabibu alikuwa nyuma ya mlango, ameshika fagio kwa mikono miwili.

Bwana Wilfried alikuja kwa pikipiki, akapita katikati ya watu, akaingia na kufunga mlango kwa mguu. Alichukua daftari, akasoma kwa sauti.

"'Nimetembea njia yote. Sikuona kitu.' Kyungu, kebo haikatiki kwa uchawi. Njia ya reli itachukua wiki, tuta halipo. Tegemeo letu ni Moba. Iko wapi?"

"Chef, mkubwa wangu, nipe siku mbili."

"Umekuwa nazo kumi na moja!" Alitoa simu, akaandika kwa vidole vya haraka, na akaigeuza Papa Kyungu aone. "Hii ni barua ya kukufukuza, inaenda kwa wakubwa wa kampuni Lubumbashi. Nimeshaituma. Inangoja tu mtandao. Kwa hiyo utengeneze vizuri, mzee, maana kitu cha kwanza kitakachotoka katika muji huu ni hii."

Akatoka. Papa Kyungu alikaa kwenye kiti cha plastiki, akanyoosha mguu wake mbovu, akaanza kulisugua goti. Zabibu aliona kwamba mtu huyu anaondoka kazini kwa kumficha yeye, na kwamba atakaa hivyo hivyo, kimya, hadi mwisho. Hilo hakuliweza.

"Papa," alisema. "Useme tu. Usinifichie tena."

"Nifiche nini?"

"Uliliona. Jumamosi. Tanuri letu la matofali, kilomita ya sita. Miye njo nilichagua pale. Niliona utepe, nikajua, nikachimba. Moto umeunguza kebo. Mama hajui kitu, ni miye peke yangu." Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kujua, hadi watu wa nje wakanyamaza kidogo. "Uliona, ukaandika hukuona. Nimechoka kukunywesha chai."

Papa Kyungu aliinua macho. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya goti.

"Kuna tanuri?" aliuliza polepole.

Hapo Zabibu alielewa, na ikawa kama kuteleza kwenye tope.

"Hukutembea," alisema.

"Nilifika kwenye daraja la Lukuga. Mguu ukavimba. Nikakaa pale, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani. Nikaandika." Alicheka kicheko kikavu. "Nilijiambia muji haulii. Nilijiambia mashine inabeba. Ningetembea saa mbili tu zaidi ningeuona moshi wenu."

Walitazamana. Nje Mama Evodie alikuwa ameanza upya. Zabibu alidhani akisema atajisikia mwepesi. Sasa aliona kwamba maneno yake yamemtoa Papa Kyungu shimoni na kumtupa katika lingine, maana mtu yeyote akisikia kuna tanuri refu kama mtu kando ya barabara, atauliza fundi alipitaje hapo asilione.

"Hujasikia kitu, Papa," alisema haraka. "Tutasema nimekwambia tu kuna udongo umebonyea. Tutabomoa tanuri kwanza."

"Kamata jembe," alisema Papa Kyungu, na kunyanyuka. "Ya kusema tutayajua baadaye. Kuna mutoto wa mutu ana homa."

Walikodi pikipiki, wote wawili nyuma ya dereva, na sanduku la mashine ya kuungia kwenye mapaja ya Zabibu. Mama yake alikuwa anapanga msingi wa nyumba. Zabibu alishuka, akamwambia yote akiwa bado amesimama barabarani. Mama yake alitazama utepe wa njano kwenye turubai, akatazama matofali yake mekundu, mazuri, yaliyoiva.

"Na ulijua," alisema.

"Nilijua, Mama."

Mama yake alijifunga kitenge kiunoni, akaanza kubomoa tanuri kwa mikono, tofali baada ya tofali, akiyatupa mbali kuliko ilivyohitajika. Mengine yalivunjika.

Kebo waliikuta chini ya majivu, kiasi cha shibiri moja tu ya udongo. Ngozi yake nyeusi ilikuwa imeyeyuka, imeshikana na ardhi kama ugali kwenye sufuria. Papa Kyungu alikata kipande chote kibovu, akaweka kingine kipya, akakaa chini na mguu wake umenyooka, akaanza kuunga zile nyuzi moja moja. Zilikuwa ishirini na nne, kila moja na rangi yake, tena kwa ncha zote mbili. Zabibu alimshikia mwavuli kuzuia vumbi, na alizitaja rangi kwa sauti ili asikosee: buluu, chungwa, kijani, kahawia. Hakuna aliyemwambia aongee kwa nguvu.

Jua lilikuwa bado juu ya milima ya magharibi waliporudi kituoni. Bwana Wilfried alikuwa anangoja mlangoni, watu bado wako langoni. Papa Kyungu aliingia, akaiwasha upya mashine, na taa ya kulia ikageuka kijani. Papo hapo simu ilitoa mlio mdogo mfukoni mwa Bwana Wilfried. Papa Kyungu aliusikia, Zabibu pia. Barua ilikuwa imeshafika Lubumbashi.

"Ilikuwa wapi?" Bwana Wilfried aliuliza.

Papa Kyungu alifungua daftari, akapeleka kidole kwenye neno *haijulikani*, akamtazama Zabibu. Hakumwambia afanye nini. Zabibu angeweza kuandika lori, au panya, na tanuri halikuwepo tena kumsuta mtu.

Zabibu alichukua kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa za mwaka wa nne, akijaza mstari wote: *Zabibu. Nilichoma matofali juu ya kebo. Nilijua.* Aliandika taratibu hadi Bwana Wilfried akaguna.

Papa Kyungu alipokea kalamu. Alirudisha kurasa hadi ule wa Jumamosi. Halafu akapiga mstari mmoja juu ya maneno yake, *Nimetembea njia yote*, na chini yake akaandika: *Nilifika darajani tu. Kyungu.*

"Piga picha," alimwambia Bwana Wilfried. "Itume nayo. Kurasa zote mbili."

Bwana Wilfried alisoma, na kwa mara ya kwanza alimwangalia Zabibu kama mtu aliye chumbani. "Wewe njo Zabibu?" alisema. Alipiga picha, akabonyeza. Zabibu alipepesa jicho. Alijua kwamba alipolifungua, jina lake lilikuwa limeshavuka Lukuga, limepita chini ya majivu ya tanuri lao, limekwenda zake.

Langoni Mama Evodie alikuwa anapiga kelele: "Laure! Nime nini? Malizia! Nime nini?" Kisha akacheka, akawageukia watu. "Amesema 'nimekula'! Mutoto amekula!"

Jibu la Lubumbashi halikuwa na haraka ya mashine. Lilikuja baada ya siku tatu. Papa Kyungu abaki, kwa barua ya onyo, kwa sababu hakuna mwingine Kalemie anayejua kuunga. Msafishaji aondolewe. Zabibu alirudisha ufunguo na kile kitambaa, akiwa amekifua.

Mama yake alichoma matofali mabichi yaliyokuwa yamebaki, safari hii ndani ya kiwanja, kwenye ardhi ngumu. Kuchimba mashimo ya kuni kuliwavimbisha mikono wote wawili, na matofali hayakutosha nyumba nzima. Walijenga chumba kimoja.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuondolewa kazini, Zabibu alikuwa anasawazisha ule ukanda wa udongo kando ya barabara alipomwona mtu anakuja kutoka upande wa daraja, polepole, akivuta mguu, macho chini. Alipofika alisimama juu ya utepe wa njano, uliorudishwa mahali pake na ncha yake ikichungulia.

"Kilomita ya sita," alisema Papa Kyungu, akapangusa jasho. "Bado nne."

Zabibu alimletea maji. Alikunywa akiwa wima, maana akikaa asingesimama tena. Alipomrudishia kikombe aliendelea na njia, na Zabibu akabaki anamtazama hadi kwenye kona, kisha akachukua jembe, akafukia ile ncha ya utepe kwa udongo zaidi, na zaidi tena, ingawa ilikuwa imeshatosha.